Wakubwa wa Mbeni na Kazi ya Kuzika Wafu: Ukurasa Uliosahauliwa wa Historia Yetu ya Likasi



Kamati ya yubilei iliniomba niandike kurasa chache juu ya historia ya vyama vya walei katika mji wetu. Nilikubali kwa furaha, nikidhani kazi itakuwa nyepesi. Ningeanza na Legio Mariae, ningefuata na Jamaa, ningetaja Kiro na Xaveri na vyama vya akina mama, kisha ningeweka kalamu chini. Lakini nilipokaa kupanga mambo kwa utaratibu, niliona kwamba tunaianza hadithi hii katikati. Kabla Legio haijafika, na kabla Padri Placide Tempels hajawaita watu wa migodi baba na mama, palikuwa tayari hapa Katanga na chama cha watu weusi chenye bendera, chenye mavazi ya heshima, chenye vyeo, na chenye wakubwa waliotembelea wagonjwa na kuzika wafu. Chama hicho kiliitwa mbeni. Hakikuzaliwa na Kanisa, wala Kanisa halikukipenda. Hata hivyo naomba nafasi ya kukieleza katika kitabu hiki cha yubilei, na sababu yangu itaonekana mbele.

Wazee wetu wengi wanalijua jina la mbeni kama jina la ngoma tu. Ilikuwa ngoma kweli, lakini ngoma ilikuwa ngozi ya nje. Asili yake ni pwani ya bahari, upande wa Mombasa na Lamu, katika miaka ya 1890. Watu wa pwani waliona manowari za Wazungu na askari wao wakitembea kwa safu nyuma ya wapiga tarumbeta, wakaichukua bendi hiyo na kuifanya yao, wakaiita beni. Mtaa na mtaa wakashindana kwa tarumbeta, kwa mavazi, kwa nyimbo za kufumbana, na kwa karamu. Katika inchi ya Tanganyika iliyotawaliwa wakati ule na Wadachi, beni iligawanyika katika makundi mawili makubwa, Marini na Arinoti. Marini walijiona watu wa cheo na wa elimu. Arinoti walikuwa zaidi watu wa kazi za mikono. Kila kundi lilikuwa na matawi katika miji mingi, na msafiri wa Marini aliyefika katika mji asiojulikana aliweza kuwatafuta Marini wenzake, akapata pa kulala na chakula.

Ndipo ikaja vita ya 1914. Sisi wa Kongo tunakumbuka kwamba jeshi la Force Publique, likiongozwa na Jenerali Charles Tombeur, aliyekuwa kwanza mkubwa wa serikali hapa Katanga, liliingia Tabora tarehe 19 Septemba 1916. Tunakumbuka kidogo zaidi kwamba nyuma ya askari walitembea wapagazi zaidi ya laki mbili, na kwamba wengi wao hawakurudi makwao. Katika vita hiyo askari wa mataifa mbalimbali, walinzi na wafungwa, wapagazi na wapishi, walikutana na kujifunza mambo ya wenzao. Walipoachiliwa kurudi makwao walibeba beni mioyoni. Ilienea Nyasaland, ilienea Rhodesia ya Kaskazini, ikafika katika miji ya mukuba ya Katanga. Huku kwetu ndimi zetu zikaongeza herufi mbele, ikawa mbeni.

Basi tuutazame mji ulioipokea. Reli iliyotoka kusini ilifika Elisabethville mwaka 1910 na Kambove mwaka 1913. Union Minière, iliyoanzishwa mwaka 1906, ilihitaji mikono maelfu, na mikono hiyo haikupatikana karibu. Watu waliandikwa kazi Rhodesia ya Kaskazini, Lomami, baadaye Kasai na Rwanda-Urundi. Panda ilijengwa, kisha Shituru ambapo mukuba ulianza kusafishwa kwa umeme mwaka 1929. Mji uliokua kuzunguka kazi hizo ukapewa jina la Jadotville, kwa heshima ya mkubwa wa kompani, Jean Jadot. Katika miaka ya kwanza wengi walifika bila wake, kwa mkataba wa miezi michache, wakalala katika nyumba za udongo ao za nyasi pamoja na watu ambao hawakujua lugha yao. Walikufa wengi: kwa kuhara, kwa kifua, na kwa homa kubwa iliyozunguka dunia nzima mwaka 1918. Ni baada ya miaka ya 1927 na 1928 tu kompani ilipogeuza desturi yake na kuanza kuleta wafanyakazi pamoja na wake zao, kwa mikataba mirefu, ili wakae.

Ninawaomba mfikiri kidogo juu ya kifo cha mtu katika kambi ya namna ile. Huko kijijini mwao, mtu akifa, kila mmoja anajua kazi yake. Wajomba wanajua ya kwao, wakwe wanajua ya kwao, kuna anayechimba, kuna anayeosha maiti, kuna anayelia kwanza na anayelia mwisho. Mfu hazikwi na mtu mmoja. Anazikwa na ukoo. Lakini huyu aliyekufa Panda, mjomba wake yuko mwendo wa wiki tatu kwa miguu. Kompani itampa shimo. Haitampa kilio. Kwa watu wetu mambo hayo mawili si jambo moja hata kidogo, na mtu aliyewekwa shimoni bila kilio ni kama aliyetupwa. Hofu ya kutupwa hivi ilikuwa kubwa kuliko hofu ya kufa.

Hapo mbeni ilipata kazi yake. Chama kilikuwa na wanachama wengi waliocheza, na juu yao palikuwa na kundi dogo la wenye vyeo, wale walioitwa wakubwa. Palikuwa na mfalme, palikuwa na gavana, jenerali, jaji, daktari, karani, na wanawake walioitwa manesi. Mgeni aliyepita siku ya Mungu na kuwaona katika uwanja wamevaa kofia, mikanda na vitambaa vya rangi, akamwona boyi wa jikoni akipigiwa saluti kama gavana, alicheka. Wazungu wengi walicheka. Wengine walikasirika, wakasema watu hawa wanatuigiza ili kutudharau.

Kama wangekaa mpaka Jumatatu wangeona jambo lingine. Wakubwa wale ndio waliokusanya michango, ndio walioshika sanduku la feza na kutoa hesabu yake. Mwanachama akilazwa, daktari na manesi walipaswa kwenda kumtazama. Hawakuwa na dawa, walikuwa na uji, kuni, maji ya kuogea na habari za watu. Ugomvi wa wanachama ulihukumiwa na jaji wa chama, kwa faini, kabla haujafika kwa polisi. Na mtu akifa, gavana ndiye aliyepanga mazishi: nani atachimba, nani atanunua sanda, nani atakaa na mfiwa usiku. Safu ilipangwa, bendera ikatangulia, ngoma ikapigwa polepole, na yule mtu wa mbali asiye na ukoo akapelekwa kaburini kama mkubwa wa jeshi. Watu waliosimama njiani walivua kofia bila kujua ni nani anayepita.

Hii ndiyo maana ninasema cheo na mavazi havikuwa mchezo mtupu. Katika kijiji mamlaka ya kuamuru mazishi yanatoka katika damu. Hapa hapakuwa na damu moja. Palikuwa na Wabemba, Waluba, Walunda, Wasongye, Wasanga, watu wa Nyasaland. Nani angeweza kumwambia mwenzake, wewe chimba, wewe toa franka mbili, wewe lala hapa? Ilibidi mamlaka ya namna mpya, na namna ya pekee ya mamlaka waliyoiona ikitii watu wa kabila zote ilikuwa ile ya askari na ya serikali. Waliiazima. Walivaa kofia ya gavana ili waweze kufanya kazi ya mjomba.

Mtaalamu Terence Ranger, ambaye mwaka 1975 alitoa kitabu kizima juu ya beni, alionyesha vizuri namna chama hiki kilivyounganisha fahari na msaada. Mwingine, Clyde Mitchell, aliona mwaka 1951 huko Luanshya, ngambo ya mpaka, ngoma ya kalela iliyokuwa mtoto wa mbeni. Humo bado alikuwako mfalme, na daktari aliyevaa vazi jeupe lenye msalaba mwekundu kifuani, na mwanamke mmoja aliyekuwa nesi, akishika kioo na kitambaa ili wachezaji wajifute jasho. Mimi nafikiri kitambaa kile kina historia ndefu kuliko Mitchell alivyodhani.

Lakini nisiwapambe wazee kupita kiasi. Mbeni ilikuwa na makosa yake, na mapadri hawakuyabuni. Makundi yalishindana kwa karamu mpaka watu wakaingia katika madeni ya miezi. Pombe ilinywewa sana. Nyimbo za kufumbana ziliishia mara nyingi katika fimbo. Mchezo wa usiku, wanaume wengi na wanawake wachache, ulikuwa na matokeo ambayo katekista hahitaji kuyaeleza. Zaidi ya hayo, serikali iliogopa kila chama ambacho wakubwa wake hawakuwekwa na yenyewe. Mwaka 1926 ilitolewa amri iliyotaka vyama vya wenyeji katika miji vipate kwanza ruhusa. Ngambo ya mpaka, wafanyakazi wa mgodi walipogoma Luanshya mwaka 1935, na polisi wakaua watu sita tarehe 29 Mei, kamati ya uchunguzi iliuliza maswali mengi juu ya mbeni, kama ndiyo iliyopeleka habari kutoka mgodi hata mgodi.

Kwa upande wa Kanisa, wamisionari wengi wa Afrika ya mashariki na ya kati waliikataza. Hapa Katanga kazi ilikuwa mikononi mwa Mapadri Wabenedikto, waliofika mwaka 1910 na Monsinyori Jean-Félix de Hemptinne, aliyeongoza jimbo hili mpaka kufa kwake mwaka 1958. Walikuwa watu wa kazi kubwa: shule za makambi, makanisa ya matofali, waimbaji. Tusisahau pia Joseph Kiwele, aliyetunga Misa ya Katanga kabla watu wa Ulaya hawajasikia Missa Luba. Lakini katika miaka ile ya kwanza, mmisionari alipotazama mbeni aliona mambo mawili: uasherati, na mfalme asiyebatizwa. Huduma ya mazishi hakuiona, ao aliiona kama ushindani.

Hapa lazima nitaje jamaa yangu, nanyi mtanisamehe. Babu yangu mzaa baba alifika Panda kutoka upande wa Luapula, kijana bado. Katika mbeni alipewa cheo cha daktari. Hakujua kusoma. Marehemu baba yangu alitusimulia mara nyingi kwamba babu alifuata mafundisho ya ukatekumeni karibu miaka miwili, akajua sala zote, na wiki chache kabla ya ubatizo padri mmoja, ambaye jina lake sitaliandika, alimwambia achague: koti jeupe ao maji ya ubatizo. Babu alijibu kwamba koti atalivua, lakini kuna wagonjwa watatu katika kambi ambao ni juu yake, na mmoja wao anakufa. Je, aruhusiwe kumaliza hao? Padri akasema hapana, mtu hawezi kutumikia mabwana wawili. Babu akarudi kambini. Yule mgonjwa akafa, babu akamzika kwa safu na bendera, na hakurudi kanisani kwa muda wa miaka mingi. Alibatizwa mzee, mgonjwa mwenyewe, na padri mwingine.

Nimeibeba hadithi hii tangu utoto, na kama mtumishi wa Kanisa inanipa uchungu hata leo. Siandiki ili kumhukumu padri yule. Alikuwa ameona mambo ambayo mimi sikuyaona, na alitaka roho za watu zipone. Lakini aliwaza kwamba bwana wa pili ni mbeni. Je, bwana aliyemwita babu kambini usiku ule hakuwa yule aliyesema kwamba alikuwa mgonjwa na tukamtazama? Sisi katika katekisimu tunafundisha matendo saba ya huruma ya mwili. Sita yametoka katika Injili ya Mathayo, sura ya 25. La saba, kuzika wafu, Kanisa lililiongeza kwa sababu ya mzee Tobiti, aliyeacha chakula chake mezani akaenda kuchukua maiti ya mtu wa taifa lake iliyotupwa njiani, ingawa serikali ya inchi ile ilikataza. Babu yangu hakuwahi kusomewa kitabu cha Tobiti kabla ya kufukuzwa.

Na tena, Kanisa lenyewe lilikuwa na mbeni yake. Samahani kwa neno hilo, lakini sikilizeni. Katika mji wa Firenze huko Italia kiko chama cha walei kinachoitwa Misericordia, ambacho hukumbuka mwaka 1244 kama mwaka wa kuzaliwa kwake. Wanachama wake walivaa kanzu nyeusi na kufunika nyuso, ili mtu asijue ni nani tajiri na nani maskini, wakabeba wagonjwa na kuzika wafu wa tauni na watu wasio na ndugu. Na juu yao liko kundi la wakubwa wa zamu, sabini na wawili, ambao huongoza huduma na kutangulia katika maandamano. Chama hicho kinaishi mpaka leo, siku hizi kwa magari ya wagonjwa. Vazi, cheo, safu, zamu, mazishi: hakuna kilichopungua. Tofauti ni kwamba Firenze walivaa kanzu ya mtubu, na Panda walivaa kofia ya gavana.

Nije sasa kwa Legio Mariae, ambayo wengi wenu ni wanachama wake. Ilianza Dublin tarehe 7 Septemba 1921, na Frank Duff, karani wa serikali, mlei kama sisi. Katika Afrika ya mashariki ililetwa na Edel Quinn, aliyefika mwaka 1936 akiwa na ugonjwa wa kifua, akazunguka inchi hizi kwa gari bovu mpaka alipofariki Nairobi tarehe 12 Mei 1944. Sisi tuliofundishwa Kilatini katika seminari ndogo tulitabasamu mara ya kwanza tulipofungua kitabu cha Legio. Praesidium ni kikosi cha askari wa Roma kilichowekwa kulinda mahali. Vexillum ni bendera ya kikosi. Tessera ni kile kibao kilichopitishwa usiku kati ya askari ili wajue neno la siri. Acies ni jeshi lililopangwa tayari kwa vita, na ndilo jina la sikukuu yenu karibu na tarehe 25 Machi, ambapo kila mmoja anaweka mkono juu ya bendera na kujitoa kwa Bikira Maria. Basi Frank Duff aliazima vyeo na maneno ya jeshi la wapagani, la inchi iliyomsulibisha Bwana wetu, akavitia katika kazi ya kutembelea wagonjwa, na hakuna padri aliyemwambia achague kati ya bendera na ubatizo. Wazee wa mbeni waliazima vyeo vya jeshi lililowapiga wao wenyewe. Ninaona ni watu waliowaza jambo moja.

Tofauti kubwa iko, nami naikubali: Legio haina karamu, haina pombe, na imeweka sala kuwa mzizi. Mkubwa wa praesidium hapigiwi saluti uwanjani. Hilo ni jema. Lakini wale waliofungua praesidia za kwanza katika makambi ya migodi hawakukuta watu wasiojua maana ya kutoa ripoti ya ziara kwa mgonjwa mbele ya mkutano. Desturi ilikuwako tayari, ilibadilisha nguo.

Jamaa ilikwenda njia nyingine. Padri Tempels, Mfransisko aliyefika Kongo mwaka 1933 na kuandika juu ya filosofia ya Wabantu mwaka 1945, alianza kazi hiyo na wafanyakazi wa Ruwe karibu na Kolwezi mwaka 1953, na kutoka huko ilifika kwetu. Jamaa haikutaka mfalme wala gavana. Ilitaka baba na mama, uzima, uzazi na mapendo. Juu ya Jamaa kuna mengi ya kusema, pamoja na matata yaliyotokea na maaskofu, na sharti walizoweka mwaka 1973. Mwenzangu ameyaandika mahali pengine katika kitabu hiki, mimi ninapita.

Lakini kuna chama cha tatu kilichochukua nafasi ya mbeni, na hicho ndicho kinachonitia hofu. Katika miaka ya 1950 mbeni ilikuwa imezeeka. Watu walikuwa sasa na wake na watoto mjini, na ndugu wa kabila lao walikuwa wengi. Kilio kikarudi kwa kabila. Vyama vya watu wa asili moja vikazaliwa, kwanza kwa mambo yaleyale, mchango na mazishi. Mwezi wa Desemba 1957 Wabelgiji walifanya uchaguzi wa kwanza wa makomini katika Léopoldville, Elisabethville na hapa Jadotville. Vyama vile vya mazishi vikagundua kwamba vinaweza kuhesabu kura. Mwezi wa Oktoba 1958 Conakat ikaanzishwa kwa kuunganisha vyama vya namna hiyo, na yaliyofuata mnayajua.

Ninyi wenye umri wangu mnayajua pia ya mwaka 1992. Nilikuwa mtoto. Ndugu zetu wenye asili ya Kasai, ambao baba zao walijenga Shituru na mama zao walifagia kanisa hili, walifukuzwa nyumbani mwao, wakakusanyika kwa maelfu katika stasioni ya reli ya Likasi wakingoja gari la moshi lisilokuja. Wengine waliomba hifadhi katika makanisa na shule. Walikufa wengi kwa kuhara na kwa njaa, wadogo kwanza. Ninakumbuka kitu kimoja kuliko vyote: baba yangu, mwanachama wa Legio, alitoka asubuhi na jembe begani pamoja na wanaume wengine watatu, na majirani wakawatukana njiani, wakisema, hao si wafu wenu. Baba hakujibu. Jioni alirudi, akanawa mikono muda mrefu, akatoa katika sanduku filimbi ya chuma ambayo babu alipuliza kupanga safu ya mazishi, akaiweka juu ya meza mbele yetu. Hakueleza kitu.

Sasa mnaelewa kwa nini sikuweza kuanza na Legio. Siku ile mbele ya stasioni swali lilikuwa lilelile la mwaka 1920 katika kambi ya Panda: nani atamzika mtu asiye wa damu yangu? Chama cha kabila kilikuwa na jibu lake. Wazee wale wenye kofia za kuchekesha walikuwa na jibu lingine, nao walilitoa bila kubatizwa.

Leo, katika parokia yetu, lipo kundi la kilio. Mnawajua kwa kitambaa cheupe mkononi. Huingia kwa zamu, wiki nne nne. Mkubwa wa zamu ndiye anayepokea habari ya kifo, ndiye anayehesabu michango, ndiye anayetangulia msalaba njiani. Sharti la kwanza la kundi, lililoandikwa katika daftari lao, ni kutouliza kabila la marehemu. La pili ni kutouliza kama alilipa zaka. Kwa siku za karibu wamezika wachimbaji vijana waliofunikwa na udongo katika mashimo ya kobalti, wengine bila jina la kweli, kwa kuwa walifika mjini wiki ile ile.

Niliomba kamati ruhusa ya jambo moja kwa Misa ya yubilei, na paroko wetu amekubali. Wakati wa matoleo, pamoja na mkate na divai, pamoja na kipande cha mukuba kitakachobebwa na wazee wa Gécamines, mkubwa wa zamu ya wiki hiyo atabeba filimbi ile ya chuma katika sahani. Wageni wetu wasishangae wakiiona.